Kipande cha Mkiani

Mume wa Bi Slesi alikufa kwa presha, na tangu siku hiyo Bi Slesi alikuwa na swali moja ambalo hakumuuliza daktari, wala binti yake, wala nafsi yake mwenyewe: je, ni ile chumvi? Alilisukumia huko ndani, kama mtu anavyoficha sufuria iliyoungua nyuma ya kabati, akafunga mlango, akaendelea kupika. Hilo la kupika ndilo lililowashangaza watu. Msiba ulipokwisha na viti vya kukodi vikarudishwa, alikaa nyumbani kidogo tu, kisha asubuhi moja maseremala wakafika kazini wakakuta dirisha la kantini liko wazi na yeye yumo ndani, anakata vitunguu kwa macho makavu.

Kantini yenyewe ilikuwa chumba kimoja kwenye kona ya karakana ya samani. Upande mmoja msumeno wa umeme unapiga kelele, upande mwingine mtu anapaka vanishi, na katikati unga wa mbao unaelea na kutua kila mahali, hata kwenye chai yako kama hukuwahi kuifunika. Bi Slesi alipigana na unga huo kwa kitambaa chenye maji tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Aliuza chai, na aliuza chakula cha aina moja. Kwake huulizi leo kuna nini. Leo kuna kilichokuwako jana: kipande kinene cha mkate, siagi, vipande vyembamba vya samaki aliyelazwa kwenye chumvi, pete za kitunguu, nyanya, na jibini ya kukwaruza juu yake. Trei nzima inaingia kwenye oveni, chini ya moto wa juu, mpaka jibini iyeyuke na kingo za mkate zigeuke rangi. Hakuna kipande cha pili cha kufunika. Mteja mgeni akiuliza kifuniko kiko wapi, hujibiwa kwamba akitaka kufunika afunike kwa mkono wake.

Raha ya mkate ule ilikuwa samaki, na samaki alitengenezwa nyumbani. Bi Slesi alinunua samaki mkubwa mwenye mnofu, akampasua, akamtoa mfupa wa kati, akampaka chumvi ya mawe, sukari kidogo, pilipili manga ya kuponda na maganda ya ndimu. Alimfunga kwenye nailoni, akamlaza kwenye bakuli huko chini ya friji, na juu yake akaweka tofali alilolivika mfuko. Samaki alilala hivyo mpaka maji yakamtoka na nyama ikakaza. Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza, maana samaki wa namna hiyo haliki. Lazima aloweshwe, maji yamwagwe, aloweshwe tena, na hakuna saa wala kipimo cha kukwambia sasa basi. Mnofu mnene unang'ang'ania chumvi, mwembamba unaiachia upesi. Ukizidisha maji, anakuwa chapwa, unatafuna kama tambara. Kinachojua ni ulimi tu.

Na ulimi haukuwa wa Bi Slesi, ulikuwa wa mumewe. Huyo alikuwa mnoa misumeno wa pale pale karakanani, mtu mrefu asiye na maneno mengi, na tangu siku walipoanza biashara ile yeye ndiye aliyeonja. Jioni Bi Slesi alikata kipande kidogo cha mkiani, akamtia mdomoni kwa vidole vyake, akasimama kumwangalia midomo. Mume alitafuna taratibu, uso mzito kama hakimu anayesubiriwa na ukumbi mzima. Mwishowe, siku nyingine baada ya kutoka uani kidogo kwanza, alisema "bado" au alisema "sasa", na shauri likaisha. Bi Slesi hakuwa mtu wa kupangiwa mambo, waliomjua walilijua hilo na kulikwepa, lakini katika samaki alimtii mumewe kama mtoto wa shule.

Basi jioni ya kwanza alipolowesha samaki baada ya msiba, alisimama jikoni na kipande cha mkiani mkononi, hana wa kumpa. Akakitia mdomoni mwake. Akatafuna. Hakupata chumvi, hakupata ndimu, hakupata pilipili manga. Akasema moyoni kwamba chumvi imetoka, mapema kuliko kawaida lakini imetoka, akamwopoa samaki kwenye maji na kumkausha kwa kitambaa. Lilikuwa kosa la mtu mwaminifu. Chumvi ilikuwa imo yote. Ulimi ndio uliokuwa umekufa ganzi, na mwenyewe hana habari. Kila alichokula siku zile kilikuwa kama karatasi, na chai aliinywa kwa sababu ilikuwa ya moto. Alidhani ni kukosa hamu tu, kitu ambacho kila mfiwa huambiwa kitapita.

Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila jioni, na kila jioni aliambiwa kwamba mama yuko sawa. Bi Slesi hakuwa akimdanganya. Hakuhisi kitu chochote, na asiyehisi kitu anaweza kweli kujiona yuko sawa. Aliamka, akaoga, akabeba bakuli lake la samaki mpaka kantini, akauza, akafagia, akarudi. Aliangalia televisheni bila sauti. Kuna siku alikaa kitandani ameshika soksi moja, mguu mmoja mtupu, na aliposhtuka chai ilikuwa imekwisha kupoa. Hakuhuzunika kwa hilo pia. Alivaa soksi ya pili akaenda kazini.

Sasa kule karakanani. Wa kwanza kuung'ata mkate ule alikuwa fundi vanishi. Alitoa macho. Alitaka kutema, akageuka kuangalia dirishani, na pale dirishani Bi Slesi ameinama, ameegemea viwiko, anamwangalia midomo. Fundi vanishi akameza. Akaomba chai, akaimaliza kwa mkupuo ingali inafuka, machozi yakamtoka, na Bi Slesi akamwambia awe anapuliza kwanza.

Mafundi wakakutana nyuma ya rundo la mbao. Watu wale kwa kawaida midomo yao haina breki. Wanaweza kumsema mwenzao kwa ajili ya kofia tu mpaka akaivua na kuitupa. Lakini msimamizi wa karakana alikata kauli kwamba hakuna wa kumgusa mjane kwa neno la chumvi. Mtu amefiwa juzi, atajirudi mwenyewe, tuvumilie. Wakavumilia. Wengine walikwangua samaki na kumfukia kwenye maranda chini ya meza za kazi, wakala mkate na jibini yake. Paka wa karakana alifukua, akanusa, akaenda zake na hakurudi kuulizia tena. Chai ilinunuliwa kama haijawahi kununuliwa. Bi Slesi aliona tu kwamba birika linaisha haraka, akadhani ni joto, akaleta birika jingine.

Hakukuwa na aliyekula kwa uaminifu kama fundi makochi. Wenzake walimwita Sponji, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya tumbo lake. Alikuwa rafiki wa marehemu wa kufa na kuzikana. Yeye hakukwangua wala kufukia. Alisimama mbele ya dirisha, akala mpaka chembe ya mwisho, akajifuta mdomo, akasema, "Asante, shemeji," akaongeza na wa pili. Na Sponji naye alikuwa na presha. Yeye na marehemu walikuwa wakienda kliniki pamoja, benchi moja, vidonge vya aina moja. Hapa mimi hupandwa na hasira kidogo, maana karakana nzima ya watu wazima, wanaopima mbao mpaka upana wa unywele, haikuwa na hata mmoja wa kuweka haya mawili pamoja: chumvi ile, na mtu yule. Waliona huruma, na huruma ikawatosha.

Ikawa siku moja, wakati wa chai ya asubuhi umeshapita, Sponji anavuta ngozi kuipigilia kwenye kiti, akakaa chini ghafla kama mtu aliyekumbuka jambo, na hakuweza kuinuka. Walimkimbiza hospitali kwa pikapu ya kupelekea samani, amelala katikati ya stuli za wateja. Alinusurika, lakini walimlaza.

Kesho yake mkewe akaja. Huyu anaitwa Mama Pacha, na si mtu wa kuzungusha maneno. Anayotaka kusema huyasema yakiwa bado ya moto. Alikatiza uwanja wa karakana bila kusalimia mtu. Mmoja wa mafundi akazima msumeno. Mama Pacha akafika dirishani, akachukua mkate mmoja kwenye trei, akaung'ata, akautemea kiganjani.

"Mwenzangu," akasema, "hiki unakionja wewe?"

Bi Slesi akajibu kwamba anakionja kila siku.

"Na unakiona kiko sawa?"

"Kiko sawa."

"Mume wangu amelazwa, hawezi hata kuinua mkono. Wa kwako umemlisha chumvi mpaka umemzika, sasa umehamia kwa wangu?"

Pale uwanjani kila mtu akatafuta pa kutazama. Bi Slesi alichukua mkate mwingine, wa moto kabisa, akaula mbele yao wote mpaka ukaisha, huku akijisikiliza. Karatasi. Akamwita fundi vanishi kwa mkono, akamuuliza kama mkate una chumvi. Fundi akaangalia viatu vyake, akasema unayo kidogo. Tangu lini? Tangu uliporudi, mama. Bi Slesi akashusha dirisha la kantini taratibu, kama anavyolishusha kila jioni, akaosha trei, akamwaga samaki wote kwenye pipa la taka, akaenda nyumbani.

Mtu angetegemea kwamba usiku ule angelia. Hakulia, wala aibu hasa hakuisikia, ingawa alijua kwamba aibu ipo na ni yake. Kitu kimoja tu kilibadilika. Lile swali la nyuma ya kabati lilikuwa limetoka lenyewe na kukaa mezani. Alilitazama. Alikumbuka vipande vya mkiani, jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka, kila kimoja amekitia kwa vidole vyake mwenyewe mdomoni mwa mtu mwenye presha. Marehemu hakuwa msemaji wa mambo ya kliniki. Alikuwa akirudi, anaulizwa wamesemaje, anajibu wamesema niendelee na dawa. Hakuna siku aliyotaja chumvi. Lakini yuko mtu aliyekaa naye kwenye lile benchi na kusikia daktari alivyosema. Kama daktari alimkataza chumvi, na yeye akaendelea kuila kutoka mikononi mwa mkewe bila kusema, basi Mama Pacha alisema kweli tupu. Bi Slesi alitaka kujua. Hakuwa akiogopa, alikuwa mbali mno na woga. Alitaka tu jambo lijulikane, kama unavyotaka kujua kama jiko umelizima.

Alisubiri mpaka Sponji aliporudishwa nyumbani, akaenda.

Mama Pacha alifungua mlango, akamwona, akabaki ameshika kitasa. Tangu siku ile ya dirishani alikuwa na maneno ya kuomba radhi, ameyapanga vizuri kabisa, na sasa hayakuja. Akasogea kando, akasema mgonjwa yuko sebuleni, akajitia ana kazi jikoni.

Sponji alikuwa amelala kwenye kochi. Nyumba za watu wengine amezijaza makochi ya kifahari, lakini la kwake lilikuwa limetoboka, springi inachungulia, na upande mmoja umeegemezwa kwa kipande cha mbao. Alitaka kuinuka, Bi Slesi akamzuia. Akaketi kwenye ukingo, akampa pole ya kuugua, akamwomba radhi kwa chumvi. Aliyasema hayo sawasawa, neno kwa neno, kama mtu anayesoma tangazo. Alimweleza kwamba ulimi wake hauonji kitu tangu msiba, na kwamba hakujua. Sponji akasema alihisi hivyo. Bi Slesi akamuuliza sasa kwa nini hakusema, na yeye akajibu kwamba angesemaje, na shemeji amesimama pale anamwangalia mdomoni vile vile alivyokuwa akimwangalia rafiki yake. Aliona afadhali ale.

Jikoni kijiko kilianguka.

"Shemeji," Bi Slesi akasema, "nina jambo la kukuuliza, na usinionee huruma. Mmenionea ya kutosha. Kule kliniki, mume wangu alikatazwa chumvi?"

"Tulikatazwa wote," Sponji akasema. "Siku moja, na daktari mmoja. Tena kwa ukali."

"Na bado akawa anaila kila jioni."

"Hakuwa anaila."

"Shemeji, nilimtia mdomoni mimi mwenyewe. Nilimwona akimeza."

"Ulimwona akitafuna," Sponji akasema. "Alikuwa anatafuna, kisha anatoka kidogo uani. Anatema kwenye mtaro, anasukutua kwa maji ya bomba, ndiyo anarudi kukupa jibu. Aliniambia mwenyewe, tena anacheka. Tangu daktari amkataze, hakumeza hata kipande kimoja cha samaki wako."

Bi Slesi alikaa na maneno yale. Aliona uani, akasikia bomba likifunguliwa na kufungwa. Ni kweli alikuwa akitoka. Yeye alikuwa akidhani mumewe anakwenda kufikiri, na alimheshimu kwa hilo, hata alikuwa akiwaambia wateja kwamba mume wake hatoi jibu hovyo. Kumbe si chumvi. Kumbe mikono yake ilikuwa safi. Alingoja kufurahi, au angalau kushusha pumzi, na hakuna kilichokuja ila swali jingine.

"Kwa nini hakuniambia? Ningemtafuta mtu mwingine wa kuonja. Ningemwita hata jirani."

"Nilimwambia hivyo hivyo." Sponji akageuza uso kwenye mgongo wa kochi, akawa anavutavuta uzi uliofumuka. "Shemeji, utanisamehe, nakupa kama alivyonipa. Alisema, nyumba yangu ile kila kitu anaamua yeye. Rangi ya ukuta yeye, shule ya mtoto yeye, tutamwozesha lini yeye, hata shati la kuvaa nakuta limeshatolewa. Na silalamiki, anaamua vizuri kuliko mimi. Lakini likija suala la samaki, anasimama mbele yangu, anasubiri niseme. Nikimwambia nimekatazwa chumvi atamwita jirani. Sasa mimi ataniuliza nini tena?"

Bi Slesi akafungua mdomo kusema kwamba hakuwa hivyo, kwamba alimuuliza mengi. Alitafuta moja la mfano. Kwa mawazo alipita chumba baada ya chumba, mwaka baada ya mwaka, akitafuta jambo moja tu alilowahi kumuuliza mumewe na kusubiri jibu. Akafika mpaka asubuhi ya maziko, alipofungua kabati, ndugu wa mume wamekaa sebuleni na yeyote kati yao angeweza kuulizwa, na akalitoa yeye mwenyewe shati la kumzikia, la mistari ya buluu, kwa sababu yeye alilipenda. Hakujua kama mumewe alilipenda. Hakuwahi kujua.

Huzuni ilianzia miguuni, kama damu inavyorudi kwenye mguu ulioukalia, na ilimuuma vile vile, mwili mzima. Akashika ukingo wa kochi. Sauti iliyomtoka ilimleta Mama Pacha mbio kutoka jikoni, mikono ina povu la sabuni, akauliza mume wake amemwambia nini mtu wa watu.

Bi Slesi akamshika Mama Pacha mkono wake wenye povu na kumuuliza, huku akilia, kama mwanamume akizikwa na shati asilolipenda, hilo ni jambo kubwa au dogo. Mama Pacha hakuelewa swali limetoka wapi. Lakini aliona kwamba linasubiri jibu, akavuta stuli, akaketi, akalifikiria.